Utaoa Hospitali?

Siku Mama Barafu alipokuja kunikagua, nilisugua sakafu mpaka ikaomba poo. Nasema kunikagua kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa mwanawe aliniapia kwamba mama anakuja kunisalimia tu. Mtu anayekuja kusalimia haingii mlangoni huku macho yake yakiwa yameshatangulia mpaka jikoni.

Tena mimi mwenyewe ndiye niliyemwita. Wiki iliyotangulia mwanawe alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji yangu, bisibisi mkononi, simu ameilaza sakafuni kwa sauti ya juu ili aongee na mama yake huku akifanya kazi. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Sikio langu la kushoto halisikii vizuri, liliharibiwa na usaha nikiwa mtoto, lakini la kulia linafanya kazi ya yote mawili.

"Huyo binti nimemuulizia," simu ilisema. "Naambiwa kila wiki ni sindano. Sasa nikuulize, mwanangu. Unaoa mke au utaoa hospitali?"

Alivyoirukia ile simu, bisibisi ilimponyoka ikaingia chini ya kabati. Nilifuta mikono taratibu, nikamwambia, "Mwambie mama aje aione hospitali yenyewe. Wodi iko wazi."

"Mboni, usikasirike."

"Sijakasirika. Mwambie aje."

Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa naogopa. Mwanamume huyu hakuwa na baba. Mama yake alimlea kwa kuuza barafu za vijiti kwenye lango la shule, na kwake yeye neno la mama lilikuwa neno la mwisho. Mama akisema hapana, angeweza kunioa kwa ubishi, lakini asingekuwa na raha hata siku moja, nami sikutaka mume asiye na raha.

Watu wote humwita Baridi, kwa kuwa ni fundi wa mafriji na maghala ya baridi. Tulijuana dukani. Mimi ni fundi miwani, nachonga vioo na kuvipachika kwenye fremu, na kabla ya kuchonga lazima nipime umbali kati ya mboni moja na nyingine. Siku aliyokuja, nilimwambia atazame mbele asipepese. Akatazama mbele. Mbele nilikuwa mimi, na barakoa yangu usoni, yanaonekana macho tu.

"Ukimaliza macho, nipime na moyo," alisema.

"Moyo hatupimi hapa. Nenda hospitali."

"Nimetoka huko. Wameniambia nije kwako."

Nilicheka ndani ya barakoa nikidhani hakuona. Kumbe aliona. Tangu siku hiyo ananiita Mboni, na miwani yake ikawa inalegea kila baada ya siku mbili. Lakini kilichonimaliza si maneno yake. Siku ya kwanza tulipotembea pamoja alikuwa upande wangu wa kushoto, akaongea, akaona nageuza kichwa ili nisikie. Hakuuliza kitu. Alizunguka nyuma yangu akahamia kulia, na hajatoka huko mpaka leo.

Basi mama alikuja. Mfupi, mpana wa mabega, kitenge kimefungwa kikafungika, na mkononi ana boksi la barafu, lile la plastiki lenye mkanda, ambalo nilikuja kujua kwamba haendi popote bila hilo. Baridi alikuwa nyuma yake ameinamisha kichwa kama mtoto aliyeitiwa mzazi shuleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaninyooshea mkono.

Hapo ndipo nilipolikoroga. Mkono wa mkubwa haukataliwi, na mimi nina sheria ya mlango wangu ambayo haimjali mkubwa wala mdogo. Nilisema, "Samahani mama, maji na sabuni viko hapo, tunawe kwanza halafu tusalimiane vizuri."

Mkono wake ulibaki hewani. Akautazama, akaugeuza, akautazama na upande wa pili. "Nimeosha mikono hii kwa maji ya barafu tangu hujazaliwa," alisema. "Leo imekuwa uchafu."

"Mama," Baridi alianza.

"Nyamaza. Nimeambiwa ninawe, nitanawa."

Alinawa mpaka kwenye viwiko, kwa kelele, sabuni yangu ikapungua nusu. Kisha akanipa mkono uliokuwa bado unachuruzika. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vimepasuka kwenye ncha, na baridi kweli. Nilivishika kwa mikono yangu yote miwili, naye hakuvitoa haraka kama nilivyotarajia.

Ilikuwa siku yangu ya dawa. Ningeweza kuisogeza mpaka kesho yake, na Baridi alinisihi hivyo, lakini nilikataa. Kama anataka kuona, aone. Nilikaa kwenye kochi, nikapanga vifaa kwenye meza safi, nikafungua kisanduku, nikavuta dawa kwenye sirinji kubwa, nikaiweka kwenye pampu yake ndogo. Nikainua blauzi kidogo, nikabana ngozi ya tumbo, nikachoma. Mama Barafu hakugeuza uso. Wengi hugeuza.

"Inauma?"

"Inawasha kidogo. Nimezoea."

"Itaisha saa ngapi?"

"Inaingia polepole, mama. Tuna muda wa kunywa chai na kusemana."

Baridi alikohoa kuficha kicheko. Mama yake hakucheka. Alivuta kiti mbele yangu, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Sasa nieleze mwenyewe, si kwa mdomo wa watu. Ni ule ugonjwa?"

"Siyo ule, mama. Ule mtu huambukizwa. Huu wangu hauambukizwi na hauambukizi. Ni mwili wenyewe. Mtu mwingine akipata mafua, damu yake inatengeneza kingamwili, ndizo zinazopigana na vijidudu mpaka vishindwe. Damu yangu haitengenezi, au inatengeneza kidogo mno. Ni kama nyumba yenye ukuta na geti, ila mlinzi hayupo."

"Na hii?" Akaelekeza kidevu kwenye pampu.

"Hao ni walinzi wa kukodi. Wanatolewa kwenye damu ya watu wazima wa afya, wanasafishwa, wanatiwa kwenye chupa. Lakini hawakai. Wiki ikiisha wanachoka, naleta wengine."

"Damu ya watu." Aliliguguna lile neno. "Mtu mmoja?"

"Maelfu, mama. Kisanduku kimoja hiki, wamechangia maelfu."

"Unawajua?"

"Hata mmoja."

"Nao hawakujui."

"Hawanijui."

Nilisikia pampu ikinguruma. Baridi alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, upande wangu wa kulia, na mama yake alikuwa akilitazama hilo pia. Nilimwona akitazama kiti kitupu kilichokuwa kushoto kwangu, cha starehe zaidi, halafu akamtazama mwanawe alivyojibana pale kwenye mbao.

"Mbona hukai kwenye kiti?"

"Huku ndiko anakosikia," Baridi alisema.

Aliuliza lingine, na niliona limemchukua nguvu. "Na watoto?"

Swali hili nilikuwa nimelingoja tangu asubuhi. Nilikuwa nimejitungia majibu mazuri ya kumfariji, lakini nilipofungua mdomo yote yakanikimbia. "Daktari anasema wengi wenye hali kama yangu huzaa watoto wazima kabisa. Lakini hawezi kuniapia, na mimi siwezi kukuapia wewe. Kama ningeweza, ningekuapia."

"Hm," alisema Mama Barafu.

Hilo "hm" nilitembea nalo mchana kutwa. Tulikula, akasifu chumvi akiacha chakula. Aliosha vyombo bila kuombwa. Alifungua friji yangu kuweka barafu za vijiti alizotuletea, akasimama mbele yake muda mrefu, kitaalamu, kama fundi magari aliyefunguliwa boneti.

"Dawa yako ndiyo ile ya rafu ya chini?"

"Ndiyo mama. Ya mwezi mzima ile. Lazima ikae kwenye baridi. Ikipata joto ndio basi, imeharibika."

Nilisema hivyo, nikaishia hapo. Sikuongeza lolote, kwa sababu Baridi alikuwa ananiita sebuleni.

Jioni mvua ilishika. Baridi akapigiwa simu, ghala la nyama upande wa pili wa mji limekufa mashine, bosi analia. Ilibidi aende. Alisimama mlangoni akatutazama sisi wawili kana kwamba anaacha paka na panya kwenye kapu moja.

"Mtaelewana?"

"Nenda kazini," tulimwambia kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza siku ile Mama Barafu alinitazama akataka kutabasamu.

Baada ya muda umeme ukakatika. Niliwasha mshumaa, tukaongea kidogo, habari za lango lake la shule, jinsi watoto wa siku hizi wanavyochagua rangi ya barafu badala ya ladha. Nilimpa kitanda changu, mimi nikajilaza kwenye kochi. Siku za dawa huwa nachoka. Nililala kama gogo.

Asubuhi niliamka umeme umesharudi. Mama Barafu alikuwa jikoni amevaa kanga yangu, anachemsha chai, anaimba kwa sauti ya chini wimbo nisioujua. Nikafikiri, haya, tumefika mahali. Nikafungua friji kuchukua maziwa. Rafu ya chini ilikuwa tupu.

Nilipiga goti nikatazama nyuma ya mitungi ya maji. Nikatazama mlangoni mwa friji. Kisha, kwa mkono ambao tayari ulikuwa unajua, nikafungua friza juu. Visanduku vyangu vilikuwa vimepangwa vizuri sana, kimoja kando ya kingine, katikati ya barafu za vijiti, vimezungushiwa kitambaa safi. Nilifungua kimoja. Chupa ilikuwa nyeupe, imeganda.

"Hapo nimevihamishia jana," Mama Barafu alisema nyuma yangu, kwa sauti ya mtu aliyefanya jema na hataki kujisifu. "Umeme ulivyokatika, nikakukuta umelala. Nikasema, friji inaingia joto upesi, ila friza ukiijaza barafu inashika baridi mpaka asubuhi. Miaka yote hii ndivyo ninavyookoa mzigo wangu. Nisingeacha dawa yako iharibike nami nipo."

Dawa ile haitakiwi kuganda. Iliyoganda ni sawa na iliyochemka, ni ya kumwaga. Walinzi wangu wa mwezi mzima, damu ya maelfu ya watu nisiowajua, walikuwa wamekufa kwa baridi katikati ya barafu za ladha ya nanasi.

Nilisimama pale nimeshika kichupa mpaka kikaanza kuniuma vidole. Nilimtazama. Alikuwa amenishikia kikombe cha chai.

"Asante, mama," nilisema.

Naapa sikuwa nadanganya. Nilirudisha kisanduku, nikafunga friza, nikapokea chai. Nilikusudia kungoja aondoke, nimpigie daktari, nitafute namna. Angerudi kwake akiwa hajui, na ingekuwa siri yangu na friji.

Lakini mchumba wangu ni fundi friji. Aliingia akiwa bado na harufu ya ghala, akanawa, akamwamkia mama yake, akanikonyeza, na kabla hajakaa akaenda kufungua friji kuangalia kama umeme uliporudi umeipiga. Ndivyo alivyo. Mtu mwingine akiingia nyumbani hubusu mchumba, yeye huweka kiganja kwenye rafu. Nilisikia mlango wa friji ukifunguka. Nikasikia friza.

"Nani kaweka dawa kwenye friza?"

"Mimi," nilisema haraka.

Alitokea mlangoni, kisanduku mkononi. "Wewe? Wewe unayenipigia simu kazini kuniuliza nyuzi tatu zikishuka mbili kuna hatari? Mboni, imeganda hii! Yote imeganda!"

"Nilipitiwa na usingizi."

"Ni mimi," Mama Barafu alisema. Alikuwa ameinuka. "Kwani ikiganda inakuwaje?"

Hakuna aliyemjibu, na kwa hiyo akajibiwa. Nilimwona akielewa, kwanza macho, kisha mikono, ile mikono ikajificha yenyewe ndani ya kanga.

Baridi ni mpole. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa mashine. Lakini hakuwa amelala usiku kucha, na alikuwa ameogopa, na mtu mpole akiogopa husema neno ambalo mkali angelimeza. "Mama, humtaki, sawa. Ungesema tu humtaki. Si lazima ungemfanyia hivi."

Chai ilikuwa inachemka jikoni mpaka inamwagika, hakuna aliyekwenda.

Mama Barafu hakulia wala hakujitetea. Aliingia chumbani, akatoka na mkoba wake, akaikunja kanga yangu vizuri akaiweka kwenye kiti, akalitwaa boksi lake. "Nilikuja kuona hospitali," alisema, hakuwa akimwambia mtu. "Kumbe ugonjwa niliuleta mimi. Nipisheni."

"Omba radhi," nilimwambia Baridi.

"Mboni..."

"Muombe mama yako radhi sasa hivi, au toka wewe."

Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. Nilimwacha hapo, nikamkimbilia mama, nikasimama mlangoni, mgongo kwenye mbao, nikamzuia njia. Sikuwahi kumzuia mkubwa njia maishani mwangu.

"Mama, nisikilize kwanza, ukitaka kwenda uende. Ugonjwa huu ninao tangu nazaliwa. Nimezoea watu. Wapo waliokataa kukaa na mimi benchi moja. Wapo walionihurumia mpaka nikachoka. Mchumba wangu wa kwanza aliisoma karatasi ya dawa akasema anakwenda kununua soda, mpaka leo hajapata soda. Jana umeme ulipokatika mimi mwenyewe dawa nimeisahau. Nimelala. Wewe ndiye uliyeikumbuka. Uliamka gizani, kwenye nyumba ya watu, ukaipapasa chupa moja moja ukaifunga na kitambaa. Kosa ni langu, nilikwambia baridi, sikukwambia kiasi. Lakini usiniambie umeniletea ugonjwa. Hakuna mtu wa upande wenu aliyewahi kunifanyia hivyo."

"Lakini imeharibika," alisema.

"Imeharibika."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Nampigia daktari."

Alinishika shavu kwa ule mkono wa baridi, kidogo tu. Kisha akanisogeza kama anavyosogezwa mtoto, akafungua mlango, akaenda. Baridi alimfuata mpaka barabarani akimwita, nami dirishani nilimwona amesimama pale mikono imelegea, gari likiondoka na mama yake.

Daktari hakunifokea. Alisema tumwage yote, mzigo mwingine uko njiani, utafika mwisho wa mwezi. Mpaka hapo nisiende dukani, nisiende kwenye watu, nisiruhusu mwenye kikohozi kunikaribia, na nikipata homa hata kidogo nisingoje kupambazuke. "Una mtu wa kukaa naye?" aliuliza. Shangazi yangu aliyenilea yuko mbali na miguu yake haimbebi. Nikasema ninaye. Nilipokata simu nilikaa kwenye kochi na kuogopa sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima.

"Nitakaa mimi," Baridi alisema.

"Unaingia kwenye maghala ya watu, unashinda na vibarua, leo huku kesho kule. Wewe ndiye wa kwanza asiyetakiwa."

Alijua ni kweli. Alikaa sakafuni, upande wangu wa kulia, mbali kidogo, akaweka miwani yake gotini. Bila miwani macho yake huwa kama ya mtu aliyeamshwa. "Nilimwambia neno baya," alisema.

"Baya sana."

"Simu hapokei."

"Hata mimi nisingepokea."

Aliondoka jioni. Hatukugusana. Tulitazamana tu kwenye kizingiti, muda mrefu, kama siku ile ya kupima macho, na safari hii nani alipepesa kwanza sikumbuki.

Kesho yake asubuhi mlango uligongwa. Sauti ikatangulia: "Usifungue mpaka niseme. Maji ya kunawa yako wapi?"

Nilisukuma ndoo na sabuni nje. Nilimsikia akinawa, kwa kelele zilezile. Nilipofungua, Mama Barafu alikuwa amesimama na godoro jembamba kichwani, mkoba begani, na barakoa usoni ameivaa juu chini.

"Mama, biashara je?"

"Meza nimeifunga. Watoto wana midomo, watajua pa kupata barafu." Akaingia, akatazama huku na huku. "Kifua changu kizima, nimepita kwa nesi kwanza akanisikiliza. Hajaona kitu. Sasa niambie sheria zote. Zote, tena polepole. Juzi ulinipa nusu."

Nikamwambia zote. Alizirudia kwa vidole, kimoja kimoja, na alipokosea alianza upya. Kisha akachukua kile kiti cha starehe, cha kushoto, akakiburuta mpaka mlangoni akakaa.

Sijawahi kuona mlinzi wa namna ile. Jirani aliyekuja kuazima pasi aliambiwa akohoe kwanza asikilizwe. Mwenye nyumba alipewa kodi yake kwenye mfuko wa plastiki, kwa mbali. Dada mmoja wa dukani kwetu aliyeleta salamu za wenzangu aliulizwa kama ana mtoto mdogo nyumbani, na kama ana mtoto, mtoto ana kamasi? Alikuwa na kamasi. Salamu zilipokelewa dirishani. Usiku aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, akifikiri nimelala. Mkono wake ni wa baridi, kila mara aliniona nina homa, ikabidi tununue kipimajoto.

Siku ya nne Baridi alikuja. Nilikuwa nakata kitambaa cha kufutia vioo, nikamtambua kwa mwendo. Hakubisha hodi. Alisimama nje ya mlango akaongea na mbao.

"Mama."

Kiti kililia, lakini mlango haukufunguka.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilisema neno ambalo halisemwi kwa mzazi. Nilijua si kweli hata nilipokuwa nalisema. Niliogopa tu. Nisamehe."

Nilimwona mama kwa mgongo, mabega yake yale mapana yakapanda, yakashuka.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini hiyo sauti yako ina nini?"

"Sauti?"

"Unaongea kwa pua."

"Aa, ni vumbi tu, mama. Na lile ghala. Nimeshinda kwenye baridi."

"Vumbi halina kamasi. Hebu vuta pumzi."

Akavuta. Hata mimi na sikio langu moja niliisikia.

"Rudi nyumbani."

"Mama! Nimetoka mbali. Nimekuja kumwona mchumba wangu."

"Umekuja kumwona ukiwa na mafua?"

"Nimwone tu mlangoni, dakika mbili. Mama, si wewe uliyeniuliza kama naoa mke au hospitali?"

"Ndiyo, niliuliza. Na hospitali ina mlango, na mlango una mlinzi, na wagonjwa wana saa zao za kuonwa. Rudi ukipona." Akatulia, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayetupa kitu aone nani ataokota. "Tena tuelewane mapema. Harusi ya ukumbi siitaki. Watu mia tatu wakohoe juu ya huyu mtoto? Itakuwa uani, hewa inapita, watu wachache. Na vifua vya kila mmoja nitavisikiliza mwenyewe."

Kitambaa kiliniponyoka. Kisha nikasikia hatua zikikimbia kuzunguka nyumba, na Baridi akatokea dirishani kwangu, pua nyekundu, miwani imeenda upande, macho yamejaa maji ambayo sidhani yalikuwa ya mafua yote. Aliweka kiganja kwenye kioo. Nikaweka changu. Alisema kitu, sikukisikia. Akakumbuka, akahama hatua moja upande wangu wa kulia, akasema tena, pale kwenye upenyo mdogo wa dirisha.

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Amesema harusi."

"Amesema vifua."

Akacheka, akapiga chafya, akaruka nyuma mwenyewe kabla sijamwambia, akajiziba uso kwa mikono yote miwili. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote nilizowahi kumpenda.

"Mwanangu!" Mama Barafu aliita kutoka mlangoni. "Funga hilo dirisha, upepo unaingia!"

"Mama, mimi niko nje," Baridi alijibu, "nitalifungaje?"

"Na nani amekuita wewe?"

Nikafunga dirisha.